Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima na kutengeneza hitilafu za injini ya gari

Haya ni maswali ambayo wateja hutuuliza wakiwa wamesimama kando ya gari lililofunguliwa boneti, mara nyingi baada ya kuwa wameshatumia fedha nyingi kubadilisha vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote. Tumeyajibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingekupotosha. Mifano mingi inahusu injini za petroli za silinda nne zilizotoka Japani, kwa kuwa ndizo zinazojaa katika barabara zetu na katika gereji zetu.

Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Je, niendelee kuendesha?

Inategemea ni taa ipi, na inawaka namna gani. Taa ya njano yenye umbo la injini, ikiwaka bila kupepesa, ina maana kwamba kompyuta ya injini imeona jambo lisilo la kawaida na kuliandika kwenye kumbukumbu yake. Iwapo gari halijapoteza nguvu wala halichemshi, unaweza kuliendesha taratibu hadi gereji. Taa hiyohiyo ikianza kupepesa, basi kuna silinda isiyochoma mafuta yake sawasawa, na petroli hiyo mbichi inakwenda kuungua ndani ya masega ya ekzosi, yaani kifaa cha kusafisha moshi, ambayo huweza kuharibika kwa joto katika safari moja tu. Punguza mwendo, usipande mlima kwa nguvu, na ulilete gari siku hiyohiyo.

Taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili ni habari nyingine kabisa. Hiyo haikuelezi kiasi cha oili kilichomo, bali inakuonya kwamba shinikizo la oili limeshuka kiasi kwamba vyuma vinaanza kusagana. Zima injini hapohapo, hata kama umebakiza mita 200 kufika nyumbani. Tuliwahi kufungua injini ambayo mwenyewe aliiendesha na taa hiyo ikiwaka kwa sababu alikuwa karibu kufika: beringi za krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, zilitoka zikiwa nyembamba kama karatasi, tabaka lake la kijivu limekwisha na shaba ya chini imejitokeza, na krenki yenyewe ilikuwa na mikwaruzo inayoshika ukucha. Gharama ya kuvuta gari kwa kamba ingekuwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kazi ile.

Kupima kwa kompyuta kunafanya nini hasa?

Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Nchini Marekani mfumo huu wa pamoja ulifanywa kuwa wa lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayakufuata kalenda hiyo, na ndiyo maana gari la miaka ya mwanzo ya 2000 linaweza kuwa na soketi ileile, lakini kifaa cha bei nafuu kilichonunuliwa mtandaoni kikashindwa kabisa kuzungumza nalo. Gari la namna hiyo linahitaji mashine yenye programu ya mtengenezaji husika. Kwa Toyota za zamani zaidi, fundi huunganisha kwa waya vituo viwili maalumu kwenye kisanduku cha uchunguzi, kisha huhesabu namna taa ya injini inavyopepesa ili kuisoma kodi, yaani namba ya hitilafu.

Mashine hutoa mambo matatu, na kwa bahati mbaya wengi huishia kwenye la kwanza. La kwanza ni kodi yenyewe, kwa mfano P0302 au P0171. La pili ni picha ya hali ilivyokuwa wakati kodi ilipoandikwa, yaani mwendo wa gari, joto la injini na mzigo uliokuwepo. La tatu, ambalo kwetu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, ni taarifa za papo kwa papo: kila sensa, yaani kihisi cha injini, inasema nini sekunde hii injini inaponguruma.

Kodi si hukumu. Kodi P0302 inasema silinda ya pili haichomi sawasawa. Haisemi koili, inayoipa plagi umeme, imekufa. Kodi inayotaja sensa ya oksijeni mara nyingi inaeleza kile ambacho sensa hiyo imekiona, na sensa yenyewe ni shahidi tu. Kumbadilisha shahidi hakubadilishi tukio.

Niliambiwa sensa ya oksijeni imekufa, nikanunua mpya, lakini taa imerudi baada ya siku mbili. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalotuuma kuliko mengine, kwa sababu tunaliona karibu kila wiki. Tueleze kwa gari moja lililotufikia likiwa na sensa mpya kabisa na kodi P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Kabla ya kugusa chuma chochote, tulisoma asilimia ya petroli ambayo kompyuta ilikuwa ikiongeza ili kurekebisha mchanganyiko. Injini isiyo na hitilafu hucheza ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri. Gari hili, likiwa kwenye sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, lilikuwa limeongeza asilimia 27. Tulipolipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, asilimia ile ikashuka hadi 6. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza karibu kila kitu. Injini ikiwa kwenye sailensi huvuta hewa kidogo, hivyo tundu dogo linaloingiza hewa ya wizi huwa na athari kubwa. Injini ikivuta hewa nyingi, tundu lilelile linakuwa si kitu. Kama ingekuwa kinyume, yaani asilimia inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, tungeelekea kwenye pampu ya mafuta, filta ya mafuta, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka.

Tuliukagua mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye eakilina (chujio la hewa) hadi kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Kwa juu ulionekana mzima. Fundi alipoukunja kwa chini, mahali ambapo mikunjo yake hugusa injini, ufa wa urefu wa kidole ulifunguka kama mdomo. Mpira huo ulibadilishwa kwa bei ambayo haikufika hata robo ya ile ya sensa, asilimia zikarudi kwenye nafasi yake, na taa haikuwaka tena. Sensa ya zamani, ambayo mteja alikuwa ameihifadhi ndani ya gari, tuliipima pia: ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 kama inavyopaswa. Ilikuwa nzima muda wote.

Gari linamisi. Mnajuaje kama ni plagi, koili au nozeli?

Gari linamisi pale silinda isipochoma mafuta sawasawa; plagi hutoa cheche, na nozeli hupuliza petroli. Kwanza tunataka kujua ni silinda ipi. Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne, ilhali P0300 husema tatizo linahama au halina silinda moja maalumu. Ikiwa ni silinda moja, kazi ni rahisi na haihitaji kununua chochote: tunahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, tunafuta kodi, na kuiacha injini ifanye kazi. Kodi ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0302, tunahamisha plagi kwa namna hiyohiyo, kisha nozeli. Iwapo vyote vimehama na silinda ya pili bado inamisi, tatizo liko ndani ya injini au kwenye nyaya, na hapo ndipo tunapotoa geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Plagi ikitoka huwa na mengi ya kusimulia. Yenye rangi ya kahawia hafifu imetoka kwenye silinda yenye afya. Nyeusi kavu imepata petroli nyingi kupita kiasi. Nyeusi yenye utelezi wa oili inaonyesha ringi za pistoni au sili za valvu zilizochoka. Nyeupe iliyokauka sana imefanya kazi kwenye joto kali. Tunaangalia pia shimo inamokaa plagi. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikizeeka, oili hujaa ndani ya shimo hilo na kuloanisha mpira wa koili, kisha umeme hutafuta njia ya pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Mteja anayewekewa koili mpya bila kubadilishiwa gasketi hiyo atarudi.

Tafadhali uwe mwangalifu sana na plagi feki. Plagi halisi ya iridiamu hutengenezwa kudumu hadi kilomita 100,000 katika injini nyingi, na tumeona zenye maandishi yaleyale kwenye boksi zikimaliza ncha kabla ya kufika kilomita 10,000.

Kompresheni hupimwaje, na namba zake zina maana gani?

Injini hupashwa moto kwanza, plagi zote hutolewa, nozeli na koili hukatiwa umeme, pedeli ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, na betri lazima iwe na nguvu za kutosha. Fundi anayepima kwa betri iliyochoka, au bila kukanyaga pedeli, atapata namba ndogo kwenye silinda zote na kukuambia injini imekufa wakati haijafa.

Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya psi 150 na 210 (psi ni kipimo cha shinikizo), ingawa kiwango sahihi ni kile cha kitabu cha injini yako. Zaidi ya ukubwa wa namba, tunaangalia tofauti kati ya silinda na silinda. Injini yenye 165, 160, 165 na 160 ina uhai wa kutosha; yenye 190, 190, 110 na 190 ina ugonjwa, hata kama wastani wake unapendeza zaidi. Kwenye silinda iliyo chini tunatia kijiko kidogo cha oili kupitia shimo la plagi na kupima upya. Namba ikipanda sana, oili imeziba nafasi iliyokuwa ikivujisha kwenye ringi. Isipopanda, hewa inatokea kwenye valvu au kwenye gasketi ya hedi (hedi ni kifuniko cha juu cha silinda). Na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi imeungua kati yake.

Kipimo kinachofuata, ambacho tungependa kila gereji iwe nacho, ni cha kupuliza hewa ya kompresa ndani ya silinda wakati pistoni iko juu kabisa na valvu zote zimefungwa. Hapo unasikiliza tu. Mlio ukisikika kwenye bomba la ekzosi, valvu ya kutolea ndiyo inayovuja. Ukisikika kwenye throto, ni valvu ya kuingizia. Ukisikika mahali pa kutilia oili, ni ringi. Na mapovu yakitokea kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi au ufa.

Gari langu linachemsha. Fundi wa kwanza aliitoa thamostati akasema katika nchi ya joto haihitajiki. Je, ni kweli?

Si kweli, na ushauri huu umeua injini nyingi mno. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kufanyia kazi na kuiweka hapo, iwe Dar es Salaam au Helsinki. Katika Toyota nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiitoa, injini hubaki ya baridi kwa muda mrefu, kompyuta hudhani gari limewashwa sasa hivi na kuendelea kumwaga petroli zaidi, mafuta huoshea kuta za silinda na kuchanganyika na oili, na mteja hulalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta. Katika baadhi ya injini kuna jambo baya zaidi: thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mzigo mkubwa gari huchemsha kwa sababu ileile iliyodaiwa kulizuia lisichemshe.

Tulipokea gari lililochemsha likipanda Kitonga, kwenye barabara ya kuelekea Iringa. Mjini Dar es Salaam lilikuwa halijawahi kusumbua. Thamostati ilikuwa imetolewa zamani, ndani yalikuwamo maji ya bomba matupu yenye rangi ya chai ya rangi, na mpira wa mfuniko wa rejeta ulikuwa umekauka na kupasuka. Huo mfuniko unastahili kuelezwa, kwa kuwa watu wengi wanaudharau. Mfuniko unaoandikwa 1.1, ambacho ni kipimo cha shinikizo, hushikilia shinikizo ndani ya mfumo, na shinikizo hilo hupandisha joto la kuchemka kwa maji hadi zaidi ya nyuzi 120 pwani. Mfuniko ukichoka, maji yatachemka kwa nyuzi 100 pwani, na kwa nyuzi 94 hivi katika miji ya juu kama Mbeya au Nairobi. Injini isiyo na hitilafu hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Utaona mwenyewe kwamba gari lenye mfuniko mbovu likipanda nyanda za juu halina nafasi yoyote iliyobaki.

Kutu ya yale maji ya bomba ilikuwa imeziba mirija ya chini ya rejeta kiasi kwamba upande mmoja ulikuwa wa moto na mwingine unashikika kwa kiganja. Tulibadilisha rejeta, thamostati, mfuniko na mipira miwili ya maji iliyokuwa imevimba, tukasafisha mfumo na kuweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Gasketi ya hedi ilikuwa imenusurika. Tulihakikisha kwa dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi kutoka kwenye silinda, ilibaki buluu.

Thamostati inaweza kupimwa jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, na utazame. Ikianza kufunguka karibu na namba iliyochapishwa juu yake na kuachia nafasi ya milimita 8 hivi maji yanapokaribia kuchemka, ni nzima. Isiyofunguka, au inayobaki wazi ikipoa, itupe.

Na kamwe usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo hugeuka mvuke mara tu mfuniko unapolegea, na tumeona mikono na nyuso zilizounguzwa na mvuke huo.

Gasketi ya hedi imeungua. Kazi yake inapaswa kufanyika vipi?

Kubadilisha gasketi peke yake si kazi kamili, kwa sababu gasketi haiungui bila sababu. Hedi za alumini hupinda zinapochemshwa. Baada ya kuisafisha, fundi huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa mishazari, kisha hujaribu kupitisha kipimo chembamba chini yake. Katika injini nyingi za Toyota kikomo ni milimita 0.05, ambayo ni wembamba wa unywele. Ikizidi hapo, hedi hupelekwa kuchongwa, na kabla ya kuchongwa ipimwe kama ina ufa, kwa kuwa kuchonga hedi yenye ufa ni kupoteza fedha ya mteja.

Kisha kuna bolti. Kwenye injini ya Toyota ya 1NZ-FE, kwa mfano, bolti za hedi hukazwa kwa nguvu ya niutoni-mita 29, halafu kila moja huzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine, kuanzia katikati kwenda pembeni. Bolti hizi hurefuka kidogo zinapokazwa na ndiyo maana hupimwa kabla ya kutumika tena. Ukimwona fundi anazikaza kwa bomba refu na kwa kuhisi mkono, una haki ya kumwomba aache. Kuuliza kama kuna spana ya kupimia nguvu si kumdharau fundi.

Rangi ya moshi inaeleza nini?

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu gari linapowashwa kisha ukapotea, sili za valvu ndizo zinazoshukiwa kwanza; ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ringi. Moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, hasa ukiwa na harufu tamu na maji yanapungua kwenye rejeta, ni kulanti inayoingia kwenye silinda, lakini mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi si ugonjwa. Kwenye dizeli moshi mweupe huweza pia kuwa mafuta yasiyoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo: anza na eakilina kabla ya kufikiria nozeli au pampu.

Injini inakula oili. Je, lazima ifanyiwe oveholi?

Si lazima kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, na si mara moja. Pima kwanza inakula kiasi gani. Jaza oili hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, kisha pima tena gari likiwa mahali pa tambarare. Watengenezaji wengi huhesabu hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado ndani ya kikomo, ingawa sisi tunaona kwamba injini iliyofika hapo imeshaanza kuomba msaada. Kagua uvujaji wa nje, kagua valvu ndogo ya kupumulia ya krenkikesi, ambayo ikiziba husukuma oili mahali isipotakiwa na hugharimu kidogo sana kubadilisha, na ndipo uende kwenye sili na ringi. Injini za Toyota za 1ZZ-FE za matoleo ya mwanzo zinajulikana kwa ringi za oili kuganda kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo. Kwa hizo, kubadilisha oili kwa wakati ni jambo la uhai wa injini.

Nifanye oveholi au ninunue injini ya mtumba?

Oveholi nzuri ni ile yenye vipimo: silinda zimepimwa kama zimekuwa na umbo la yai, krenki imepimwa, pistoni na ringi ni za saizi sahihi, pampu ya oili imekaguliwa. Ikiwa fundi wako ana vifaa hivyo na spea halisi zinapatikana, tunaipendelea, kwa kuwa utajua kila kilichomo ndani. Oveholi ya kubadilisha ringi tu kwenye silinda zilizolika haidumu.

Injini ya mtumba ni nafuu na ya haraka, lakini historia yake huijui. Usilipe kabla haijapimwa kompresheni. Fungua mahali pa kutilia oili na uangalie kwa tochi: oili iliyoganda nyeusi kama lami inaeleza namna mwenyewe wa kwanza alivyoitunza, na utando mweupe kama maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Linganisha pia nyaya, sensa na mabano, kwa sababu injini zenye jina moja hutofautiana kati ya modeli na modeli. Kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo taarifa hizo zinapaswa kurekebishwa kwa mamlaka ya usajili baada ya kubadilisha.

Je, niyatoe masega ya ekzosi ili gari lipate nguvu?

Hapana. Masega yaliyo mazima hayaibi nguvu inayoweza kuhisiwa. Yaliyoziba huiba, lakini yameziba kwa sababu injini ilikuwa ikimisi au ikila oili kwa muda mrefu, na ukiyatoa bila kutibu chanzo umeondoa dalili tu. Kodi P0420, inayosema masega hayasafishi moshi ipasavyo, ikitokea, tunapima kwanza uvujaji wa ekzosi na hali ya injini, kisha tunalinganisha sensa ya mbele na ya nyuma: ya mbele inapaswa kupanda na kushuka, ya nyuma itulie. Wapo pia wanaokushauri kuyatoa kwa sababu ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei kubwa. Ikiwa yametolewa kwenye gari lako, uliza yamekwenda wapi.

Mlinisafishia throto, sasa sailensi inapanda na kushuka. Mmeharibu?

La. Kompyuta ilikuwa imejifunza kuishi na uchafu, na sasa inahitaji kujifunza upya. Kwa baadhi ya magari hufanyika kwa mashine. Kwa mengine ni kuliacha lingurume hadi lipate moto kamili. Isipotulia baada ya siku moja, lirudishe tuangalie kama kuna gasketi inayopitisha hewa.

Kwa nini nilipie kupima wakati hamjatengeneza chochote?

Kwa sababu kupima ndiyo kazi yenyewe. Kubadilisha koili huchukua dakika kumi. Kujua kwamba ni koili, na si nozeli, waya au valvu, huweza kuchukua saa mbili za fundi aliyesomea na vifaa alivyovinunua. Gereji inayokupimia bure italazimika kupata malipo yake kwenye spea, na hapo ndipo unapouziwa sensa usiyoihitaji.

Unaweza kupunguza gharama hiyo kwa kuja na maelezo mazuri. Tuambie tatizo hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto, kwenye mlima au kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa au la, na lilianza baada ya tukio gani, hata kama ni kujaza mafuta kwenye kituo usichokizoea. Usifute kodi kabla ya kuja, na usichomoe betri, kwa kuwa picha ya hali iliyohifadhiwa itapotea. Ukiwa na video ya mlio au ya moshi kwenye simu yako, ilete. Kama tatizo hutokea asubuhi tu, liache gari kwetu jioni, ili fundi aliwashe mwenyewe likiwa limelala na kupoa.